Kitanda Chako Ofisini Mwangu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, hasira baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Wanangu wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo kikohozi kimemwachia? Kama mko wazima namshukuru Mungu kwa dhati, maana nisingependa barua hii imkute mtu kitandani.

Sisi huku tunajikongoja. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinama chini ya masinki ya watu. Binti yangu mzima, amerefuka mpaka sare ya shule imekuwa kama ya mdogo wake, na mdogo hana. Mama goti la kulia linamsumbua. Ukimuuliza anasema ni baridi, hata siku ya jua kali.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu una ufundi wako wewe: sijamaliza sentensi ya pili umeshanichekesha, na nikishacheka umeshaaga. Barua haichekeshwi wala haikatwi. Kama uko kazini ifunge, uifungue ukifika nyumbani, ukae chini. Maji yamenifika shingoni, na safari hii si ya bomba la mtu.

Unaijua kazi yangu kwa jina tu, kwa hiyo acha nikueleze. Fundi bomba anayejiajiri, mwaka ukiisha, anapeleka hesabu zake ofisi ya kodi. Hatozwi kwa kila kilichoingia mkononi. Kwanza anatoa alichotumia ili kazi ifanyike: mafuta ya gari la kumfikisha kwa mteja, matairi, bima, matengenezo. Na kama hana ofisi mjini, kazi za karatasi anafanyia nyumbani, anaruhusiwa kutoa sehemu ya kodi ya nyumba na ya umeme kwa ajili ya chumba hicho. Ni haki iliyoandikwa, si ujanja wa mtaani. Kodi ya nyumba na kodi ya serikali zina jina moja kama mapacha, na mapacha wote wawili wanakula kwangu.

Basi gari ninalo. Halina viti vya nyuma, linanuka gundi ya paipu, na juu limefungwa chuma cha kubebea mabomba. Kuna siku nilimpeleka Mama kliniki akiwa amepakata sinki la mteja mapajani kama mjukuu. Hilo ndilo gari ambalo wewe unawaambia rafiki zako ni gari la familia.

Na ofisi ninayo. Ni chumba cha mbele, kile unachokiita chako. Meza yangu imo humo, simu ya kazi, kabati la risiti, rafu za koki na viungio. Wateja hugonga dirisha la barabarani na kuniachia funguo za nyumba zao. Tangu Baba afariki, kodi ya nyumba hii naitoa mimi peke yangu, na sijawahi kukuomba uchangie hata sabuni. Nikajaza fomu zangu kwa moyo mweupe, nikaonyesha gari, nikaonyesha chumba.

Wakamtuma afisa aje kuhakikisha.

Ningependa kukuambia alikuwa mtu mbaya, ingenisaidia kupumua. Hakuwa. Alikuwa kijana mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwamkia Mama kwa heshima zote. Nikamwingiza chumba cha mbele. Akaitazama meza, akafungua kabati nilipomruhusu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akageuka, akakiona kitanda chako.

Hujakiona siku nyingi, kwa hiyo nikukumbushe. Kimeegemea ukuta wa upande wa dirisha, kinakula nusu ya chumba. Mimi navuka juu yake kufikia rafu za viungio. Kimetandikwa shuka la bluu lililopigwa pasi, mto umetunishwa, blanketi limekunjwa miguuni kama vile mwenyewe ametoka kwenda kuoga.

“Na hiki?” akauliza.

“Kitanda.”

“Naona ni kitanda, dada. Nauliza anayelala ni nani.”

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Kabla neno halijatoka, nikasikia sauti ya Mama nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia fremu, amejitanda khanga yake nzuri kwa ajili ya mgeni.

“Mwanangu wa kwanza,” akasema. “Hicho ni chumba chake. Anakuja kila mwisho wa mwezi kunitazama, analala hapo. Juzi tu alikuwa hapa.”

Kaka, nilihisi kama mtu amenifungulia maji ya baridi mgongoni.

Afisa akaniangalia. Nikamwangalia Mama. Alikuwa amenyanyua kidevu kama siku ile ulipofaulu mtihani na majirani wakaja kumpongeza. Wewe ungefanya nini? Ungemwambia mgeni kwamba mama yako mzazi ni mwongo, mbele yake, ndani ya nyumba yake? Nikanyamaza.

“Basi tatizo liko hapo,” kijana akasema taratibu. “Sheria inataka chumba kiwe cha kazi tu. Chumba anacholala mtu si ofisi, hata kikiwa na meza.”

Akaandika. Tukatoka nje kuangalia gari. Akazunguka, akachungulia nyuma kwenye mabomba, akaomba kadi ya gari. Akaisoma, akaisoma tena.

“Hili jina ni la nani?”

“La kaka yangu.”

“Ndiye huyo huyo mwenye kitanda!” Mama akadakia kutoka kibarazani, anajivuna kabisa.

“Kwa hiyo gari ni lake,” afisa akasema. “Wewe unaliazima.”

Ninaliazima! Ni kweli ulitoa malipo ya kwanza, na nilikushukuru kwa machozi, Mungu anajua. Lakini yaliyobaki nililipa nani? Injini ilipokufa, aliyelifufua nani? Nilikuomba usaini kulihamishia kwenye jina langu nilipomaliza kulilipia. Ukasema utasaini ukija. Nikakuomba tena mwaka jana. Ukasema, “Sisi ni ndugu, karatasi za nini?” Nikakuomba mara nyingine, ukaniambia nisikupeleke mbio. Leo umejua karatasi ni za nini. Zinamwambia mtu wa serikali kwamba mimi, ninayelala chini ya gari hilo uvunguni kwenye tope, ni mwazimaji.

Majibu yakaja. Vyote vimekataliwa: gari hapana, chumba hapana. Nilipe kodi ya juu zaidi, pamoja na faini ya kutoa maelezo yasiyo ya kweli. Na mpaka nilipe, sipewi cheti cha kuonyesha sidaiwi. Hapo ndipo nilipobanwa, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kubadilisha mabomba yote ya kituo cha uzazi, wodi hadi jikoni. Daktari mkuu mwenyewe alinichagua, akawaacha mafundi wanaume wawili waliokuja na makoti. Kitu kimoja tu alichotaka kabla ya kuanza ni hicho cheti.

Ndipo nikakupigia. Unakumbuka? Labda hukumbuki. Ulikuwa unakwenda mahali, nasikia milango ya gari inafungwa. Nikakueleza ya gari, ukasema, “Waambie ni langu nimekupa utumie, kwani shida iko wapi?” Nikakueleza ya kitanda. Ukacheka! Ukasema, “Mwacheni Mama na kitanda chake, iko siku nitakuja kukilalia.” Halafu ukaniambia mimi tangu utotoni ni mtu wa kukuza mambo.

Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeshika koki iliyong’oka mkononi.

Jioni ile nilimgeukia Mama. Nakwambia kweli, nilikuwa nimefura. Alikuwa jikoni anachambua mchele.

“Mama, kwa nini umenifanyia hivi? Umeniita mwongo mbele ya serikali.”

Akaendelea kuchambua. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Akaweka ungo chini.

“Ulitaka nimwambie mtu wa nje kwamba mwanangu hanijui?”

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliuliza tu, kama anauliza bei ya kitu. Nikatoka nikaenda kukaa ndani ya gari lako, nikapiga usukani mpaka kiganja kikauma. Kuanzia hapo, Kaka, hasira yangu ilihama kwa Mama ikaja kwako, na imekaa. Haijatoka hata leo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakukujua wewe. Wewe hupo, na lako ndilo limejaa nyumba nzima. Sahani yako haiguswi. Kiti chako cha mezani anakalishwa mgeni wa heshima tu. Mimi niliye hapa, ninayejua dawa za Mama kwa rangi zake, nimebanwa kwenye meza kati ya ukuta na kitanda cha mtu asiyekuja. Na mtu mwenyewe ukimwambia anacheka.

Nikaandika rufaa. Wakanipa siku ya kusikilizwa. Sikumwambia Mama aje. Niliona aibu hata kutaja. Asubuhi hiyo natoka na faili langu, namkuta ameketi kiti cha mbele cha gari, amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga.

“Unakwenda wapi, Mama?”

“Endesha,” akasema.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, lifti mbovu, imebandikwa karatasi. Nikamwambia anisubiri chini, akaniangalia kama nimetukana. Akapanda. Kila kituo cha ngazi alisimama, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu, watu wenye mafaili wanatupita kushoto na kulia. Nilitamani ungekuwepo umwone. Sikutamani kwa wema.

Ndani walikuwepo yule kijana na mkuu wake, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nikaanza kueleza habari ya meza, ya wateja, ya makabati. Mkuu akanikatiza.

“Dada, hayo tumeyaona. Suala ni moja. Mama yako alisema mtu analala pale.”

Mama akanyanyuka. Wakamwambia anaweza kusema ameketi, akakataa.

“Mwanangu,” akamwambia yule kijana, si mkuu, “nilikudanganya ukiwa mgeni nyumbani kwangu. Nimekuja kuufuta uongo huo nikiwa mgeni kwako. Kitanda kile hakilaliwi na mtu. Mwenyewe alikilalia mara ya mwisho tulipomzika baba yake. Alilala usiku mmoja, akasema kazi inamwita.”

Kijana akaweka kalamu mezani.

“Lakini mama,” akasema, “kilikuwa kimetandikwa. Shuka lilikuwa safi.”

“Nalifua kila wiki,” Mama akasema. “Shuka likikaa tu linaingia vumbi.”

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, nasikia inavyogonga. Yule mama mkuu akavua miwani yake akaifuta, na haikuwa na uchafu. Mama akaomba maji ya kunywa. Kijana akaenda mwenyewe kuyaleta, akamshikia glasi mpaka akamaliza.

Nilikuwa nimeketi pembeni na faili langu. Mtu angedhani ningefurahi, maana kwa maneno yale nimeshashinda. Kaka, nilitaka kuupasua ule mlango. Mama yetu, ambaye hata deni la chumvi hakuwahi kumwonyesha jirani, alisimama mbele ya wageni kwenye ofisi ya serikali akajivua nguo, ili mimi nikubaliwe chumba cha kazi. Na hakuwa amevuliwa na afisa. Ulimvua wewe.

Uamuzi wao ni huu. Faini imefutwa. Chumba kimekubaliwa, mradi kitanda kitoke. Gari limekataliwa kwa mwaka uliopita, na kuanzia mwaka huu watalikubali likiwa na jina langu, si kabla. Mkuu aliniambia kwa upole, lakini alisema wazi: hata angependa, hawezi kumpa mtu haki ya kitu ambacho karatasi inasema si chake. Maneno hayo hayo nilishakwambia wewe.

Kodi ya lile gari ilinibidi niilipe yote. Nimeuza mashine yangu ya kuchonga nyuzi za paipu, ile niliyoinunua kabla sijanunua kitanda cha kulala mwenyewe. Nikalipa, nikapata cheti, nikakipeleka kituo cha uzazi siku hiyo hiyo kabla daktari hajabadili mawazo. Kazi nimeianza. Mashine naazima kwa fundi mwenzangu, kila jioni namrudishia, na kila jioni ananiuliza nitanunua lini yangu. Wodi ya kwanza imekwisha, maji ya moto yanatoka. Mkunga mmoja aliyafungua akayaachia yamwagike mikononi, akacheka peke yake. Hilo limenipoza kidogo. Kidogo tu.

Sasa kitanda. Tulipofika nyumbani kutoka ofisini, Mama hakubadili hata viatu. Akaingia chumba cha mbele, akavuta shuka, akavuta foronya, akavirundika sakafuni. Nikamwambia, “Mama, pumzika, nitafanya mimi.” Akasema, “Nilikitandika mimi.” Akaniambia nikamwite jirani yetu seremala. Mama mkwe wa seremala amekuja kuwatembelea kutoka mbali, na walikuwa wanamlaza kwenye godoro chini. Seremala akakifungua kitanda vipande vipande, akauliza atoe kiasi gani. Mama akamwambia, “Kichukue tu. Mtu aliyekuja asilale chini.”

Alama za miguu ya kitanda bado zipo sakafuni. Nimesogeza meza juu yake. Sasa naweza kunyoosha mkono nikafika kwenye rafu bila kupanda kitu, na kila nikinyoosha nakasirika upya. Usinielewe vibaya, sikutaka kitanda kitoke hivi. Nilitaka kitoke siku ambayo mwenyewe umesimama hapo, umesema, “Dada, chumba chukua.” Maneno matatu. Ungeyasema hata kwenye hiyo simu yako, katikati ya kufunga na kufungua milango.

Najua utaniambia damu ni nzito kuliko maji. Mimi ni fundi bomba, Kaka. Nimeona mabomba mengi yaliyoziba, na mengi yalizibwa na kitu kizito kilichokaa mahali pamoja muda mrefu bila kupita.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya kuhamisha umiliki wa gari. Nimeshaijaza yote kwa mkono wangu. Mahali pa kusaini nimeweka alama ya msalaba kwa wino mwekundu, mtoto wako mdogo hawezi kupakosa. Isaini, irudishe kwa posta ileile. Usiniambie utakuja nayo. Usiniwekee pesa badala yake, na usimtume mtu anipoze. Sitaki zawadi wala sitaki mzaha. Nataka saini. Isipofika, nitaliegesha gari uani kwa jina lako, nibebe paipu begani kwa jina langu, na majirani wakiuliza nitawaambia ukweli wote. Mama hatanizuia tena.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie khanga alizotuma zilifika, na kwamba yeye hana kosa lolote katika haya. Wabusu wanangu, waambie shangazi yao anawapenda na ipo siku atawafundisha kubadilisha washa, ule mpira wa ndani ya koki, maana baba yao hajui. Binti yangu anakuamkia. Seremala na nyumba yake wanakusalimu pia. Wanakushukuru kwa kitanda, wanadhani ulikitoa wewe. Sikuwasahihisha.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na kazi isiyokuita kila saa. Nimekuombea hivyo leo asubuhi, nimesaga meno lakini nimekuombea.

Nilipofika hapa nilimwita Mama nikamuuliza niandike salamu gani kutoka kwake. Siku zote husema niandike kwamba chumba chako kipo. Leo aliangalia dirishani, kisha akasema, “Mwambie nimemsalimu. Na siku akitaka kuja, atujulishe mapema kama wageni wengine, tumtafutie pa kulala.”

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na hasira zangu zote,

Fundi wa nyumba hii.